Udongo wa Juu

Siku nne kabla ya mkaguzi kuja, kampuni ilileta lori zima la matawi. Si miche; matawi. Bi Nyundo aliyaona yakishushwa alipokuwa uani kwake akimwagilia mchicha, na kwa kuwa macho yake yalikuwa bado mazima kuliko magoti yake, aliona wazi kwamba kila kijiti kilikuwa kimekatwa kwa panga upande wa chini, mkato wa mshazari, mbichi, bado unatoa utomvu. Hapakuwa na mzizi hata wa dawa.

Akatua ndoo, akakaza nguo kiunoni, akasogea mpaka ukingoni mwa machimbo. Mashine za kusaga mawe zilikuwa zimeondolewa tangu mwaka jana. Kilichobaki ni shimo la kumeza viwanja vitatu vya mpira, kuta zake wima kama zilizokatwa kwa kisu, na chini kabisa maji ya kijani yasiyokwenda popote. Yeye mwenyewe alikuwa amekaa ukingoni hapo miaka mingi, chini ya turubai, akiponda kokoto kwa mkono. Jina la Bi Nyundo alilipatia hapo, pamoja na kidole gumba cha kushoto kilicholala bapa kama kijiko.

"Shikamoo, mama," kibarua mmoja akamwamkia huku akichomeka tawi ardhini na kukandamiza udongo kwa kisigino.

"Marahaba. Huo mti una mizizi?"

Kibarua akautazama kana kwamba ndiyo kwanza anauona. "Mama, mimi nalipwa kwa idadi. Mti mmoja, hela moja. Mizizi haikutajwa."

"Na utaota?"

"Utasimama mpaka Ijumaa. Mkaguzi anakuja Ijumaa."

"Na Jumamosi?"

"Jumamosi mimi niko saiti nyingine."

"Haya. Mungu akulipe kwa kadiri ya kazi yako."

"Amina, mama," kibarua akaitikia kwa furaha, akachomeka mwingine.

Bi Nyundo hakucheka. Alikuwa akitazama upande wa chini wa shimo. Huko maji hayakuzuiwa na mwamba bali na tuta la kifusi, na nyuma ya tuta, kwenye mteremko, ndipo ilipokuwa nyumba ya jirani yake, Mama wa Bondeni. Mwaka jana maji yaliyokuwa yakivuja tutani hapo yalikuwa meupe, ungeweza kuhesabu changarawe ndani yake. Sasa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mtu aliyekula vumbi la machimbo hahitaji kuelezwa maana yake. Maji yakivuja safi, yanapita tu. Yakivuja na udongo, yanalila tuta kutoka ndani. Na mvua zilikuwa zimebakiza wiki tano au sita.

Akarudi kwenye mchicha wake.

*

Alasiri ile ile shemeji yake akabisha hodi. Huyu alikuwa mdogo wa mumewe, msimamizi wa machimbo, mtu wa kuvaa kofia ngumu hata msibani. Nyuma yake alikuwa Injinia wa kampuni, na buti mpya za ngozi zisizo na doa la tope, ingawa miaka yote kumi na miwili alikuwa akilipwa mshahara kwa ajili ya tope.

"Karibuni. Karibuni viti."

Injinia akatoa leso mfukoni, akafuta kiti, akaitazama leso, akafuta tena, ndipo akakaa, tena kwa ncha tu ya makalio. Kiti hicho Bi Nyundo alikuwa amekifuta asubuhi. Alimwangalia vile mtu anavyomwangalia kuku aliyeingia sebuleni: hajakosa bado, lakini atanya.

Mumewe akatokea chumbani akifunga vifungo vya shati. Wote walimwita Baruti. Miaka ishirini ya kulipua miamba ilikuwa imeondoka na masikio yake, na sasa alizungumza na kila mtu kana kwamba huyo mtu yuko ng'ambo ya shimo.

"KARIBU, MDOGO WANGU! KARIBU, BOSI!"

"Shemeji," msimamizi akaanza, "tumekuja kwa heri."

"Mna karatasi mkononi."

"Ni karatasi ya heri."

Kwanza walitoa zawadi: kilo mbili za sukari na kalenda ya kampuni. Kalenda ilikuwa na picha ya ziwa la buluu na bata weupe, na chini yake maandishi, *Tunairudishia Dunia Uhai*. Bi Nyundo akauliza ziwa hilo liko wapi. Injinia akasema picha hizo hununuliwa tu.

"Basi itanifaa hapa," akasema, akaitundika juu ya ufa uliotoka kwenye fremu ya mlango ukapanda mpaka kwenye kenchi za paa. Kalenda ikafunika nusu ya ufa. Nusu nyingine ikabaki ikiwatazama wageni.

Injinia akakohoa. "Mama, mkaguzi akiridhika Ijumaa kwamba shimo limerekebishwa, kampuni inarudishiwa fedha za dhamana ilizoweka serikalini, sisi tunaondoka, nanyi mnabaki kwa amani. Tunahitaji saini mbili za majirani wanaopakana na shimo. Yako, na ya yule mama wa kule bondeni."

"Mwenye nyumba ni mume wangu."

"Hati ina jina lako, shemeji," msimamizi akasema, akiangalia kofia yake.

Hilo alilijua. Kampuni ilikuwa hairuhusu mfanyakazi wake, hata aliyestaafu, kununua kitu ndani ya eneo lake, kwa hiyo miaka minane iliyopita, msimamizi alipotaka kumuuzia kaka yake kiwanja, aliandika jina la shemeji yake, bila hata kumuuliza, kama mtu anavyotundika koti kwenye msumari ulio karibu. Baruti alimwaga pale kiinua mgongo chake chote.

"Na Mama wa Bondeni amesemaje?"

"Yule hajui kusoma. Kasema, 'Bi Nyundo akiridhika, na mimi nimeridhika.'" Msimamizi akacheka. "Anakuamini, shemeji, kuliko anavyomwamini daktari."

"Na nisipotia saini?"

Injinia akakunjua ramani juu ya meza, akazuia pembe yake kwa ile sukari. "Tulipoanza kuchimba, tulikwangua kwanza udongo wa juu, ule mweusi wenye rutuba, tukaurundika pembeni. Ndiyo sharti la leseni. Siku ya kumaliza, maji yanapunguzwa, kingo zinalazwa, shimo linajazwa kifusi, halafu udongo ule unarudishwa juu yake, ndipo unapanda miti. Sasa, lundo lenyewe liko hapa." Akaweka ncha ya kalamu juu ya ramani. "Na hapa, mama, ndipo tulipokaa."

"ANASEMAJE?" Baruti akauliza.

Bi Nyundo alikuwa ameinamia ramani.

"Ulijua," Bi Nyundo akamwambia shemeji yake.

"Shemeji, lilikuwa limeshaota nyasi. Lilionekana kilima kama vilima vingine. Nani angekumbuka?"

"Aliyelirundika."

Akamgeukia Injinia. "Na wewe? Nyumba imesimama hapa miaka minane. Ulikuwa ukiiona nini? Kichuguu?"

"Mauzo hayo ni suala la familia," Injinia akajibu, akitazama saa. "Kampuni haiwezi kuingilia mambo ya familia. Ila mkaguzi akiudai udongo, katapila litaufuata ulipo. Akikuta saini, hataudai. Sisi hatumtishi mtu."

"Sijatishika," Bi Nyundo akasema. "Nimechoka tu kuwatazama. Muiache hiyo fomu mezani."

Walipotoka, akaipima sukari kwa mkono. Kilo mbili, kwa nyumba ya vyumba vitatu.

*

Kugombana na Baruti kwa siri lilikuwa jambo lisilowezekana. Ukinong'ona, hasikii, ukipaza sauti, bonde zima linahudhuria. Kwa hiyo Bi Nyundo alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza upande mweupe, akaandika kwa penseli ya seremala, kwa herufi kubwa kubwa za mtu aliyeishia shule ya msingi: NYUMBA IKO JUU YA UDONGO WA SHIMO.

Baruti akasoma, midomo ikimcheza. Akakaa kitako.

"NI YULE MDOGO WANGU?"

Mkewe akatikisa kichwa, ndiyo.

"KANIUZIA RUNDO?"

Ndiyo.

Akaigeuza kalenda, akaitazama picha ya upande wa pili, akaigeuza tena. Kisha akasema, "TUTIE SAINI."

Bi Nyundo akaandika: UDONGO NI WA MAMA WA BONDENI.

"WA MAMA NANI?"

Akamziba mdomo kwa kiganja, akachungulia dirishani. Huko chini mbuzi wa jirani alikuwa ameinua kichwa. Hakuna mtu.

Baruti akauondoa mkono ule, taratibu. Alijaribu kunong'ona, na mnong'ono wake ulitoka kama mazungumzo ya kawaida ya watu wengine. "Mke wangu. Wengine wanalipia nyumba kwa hela. Mimi hii nimeilipia kwa masikio. Sina masikio mengine."

Bi Nyundo alishika penseli, akainua macho kwenye kenchi.

Maana yeye alikuwa na lake, ambalo hata mumewe hakulijua. Mwaka mmoja baada ya kuhamia, Baruti akiwa amesafiri, aliwaita vibarua wachimbe choo. Futi tisa chini, ndani ya udongo mweusi laini usiokwisha, wakakuta mabua ya mahindi yaliyovurugika, vigae vya chungu, na jembe. Chini ya hapo ndipo ilipoanza ardhi nyekundu, ngumu, ya kuzaliwa. Jembe lilikuwa na nukta tatu zilizogongwa na mhunzi karibu na tundu la mpini. Jembe hilo kila mtu alilijua. Mume wa Mama wa Bondeni alikuwa ameliacha shambani siku katapila la kampuni lilipokuja kukwangua, na tangu siku ile alizunguka akidai wachimba mawe wamemwibia. Alimtaja Baruti kwa jina, mbele ya watu. Baruti aliapa kwa Mungu kwamba hakuiba. Mzee yule alikufa akiwa bado anadai.

Bi Nyundo aliwalipa vibarua, akalifunga jembe kwenye gunia, akalipandisha juu ya kenchi. Akajiambia atalipeleka kesho. Kesho hiyo ilikuwa na umri wa miaka saba.

Na katika miaka hiyo alipanda mchicha. Ulitoka na majani mapana kama viganja vya mwanamume, mwaka mzima, bila mbolea. Huko chini kwa Mama wa Bondeni, vumbi la mawe lililoshuka na maji lilikuwa limeganda uani kama saruji, hata kwekwe haioti. Kwa hiyo Mama wa Bondeni alipanda mteremko kila siku mbili kununua mboga. "Una mkono wa baraka, dada," alikuwa akisema. Naye Bi Nyundo, mtu wa sala tano na za ziada, alikuwa akijibu, "Ni Mungu tu."

Uwongo mwingine angeweza kuuombea msamaha akalala. Lakini huo wa kumsimamisha Mungu awe shahidi wa mchicha ulikuwa ukimngoja kila anapotandika msala.

*

Jumatano Mama wa Bondeni alikuja na kapu lake, na fomu yake imekunjwa ndani ya kapu mara nne. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, mwenye kucheka kabla hajamaliza anachosema.

"Dada, nimeletewa barua ya mapenzi na kampuni. Nisomee."

Wakakaa kwenye kizingiti. Bi Nyundo akasoma kila neno, hakuruka: "Sisi wakazi tunaopakana na machimbo tunathibitisha kwamba ardhi imerudishwa katika hali yake ya awali, kwamba udongo wa juu umesambazwa, kwamba miti mia nne imepandwa na inaendelea vizuri, na kwamba hatuna dai lolote."

"Inaendelea vizuri," Mama wa Bondeni akarudia. "Mbuzi wangu leo kang'oa miwili kwa mdomo. Nilidhani kapata nguvu za ajabu." Akacheka, kisha akaacha. "Huo udongo uliosambazwa, ni upi? Mimi sijauona. Wakati wa kulipua walituhamisha miaka miwili, tuliporudi tukakuta vilima tu kila upande. Wakatuambia udongo wetu uko ghalani. Wewe ulikuwa unafanya kazi pale. Uko wapi udongo wangu?"

Swali lilikuwa hilo, limewekwa mbele yake wazi kabisa, na chini ya miguu yao wote wawili lilikuwa jibu.

"Sijui," Bi Nyundo akasema. "Labda ulienda na mvua."

"Mh. Mvua hizi nazo." Mama wa Bondeni akajipangusa uso. "Siku hizi maji yanaingia mpaka jikoni. Asubuhi nakuta tope kama uji, nalizoa kwa sahani. Mwanangu ananiambia nihame. Nihamie wapi, na shamba langu ndilo lile shimo?" Akasimama, akakung'uta nguo. "Mimi sina maneno. Ijumaa nitakutazama wewe. Ukiweka lako, naweka dole gumba. Nipe mafungu mawili."

Bi Nyundo akachuma matatu, yaliyonona kuliko yote. "Chukua tu, leo usilipe."

"Usinitie aibu. Mboga ni jasho la mtu."

Akafungua pindo la nguo yake, akahesabu hela, akaziweka kwenye kiganja cha mwenzake, akakifunga kile kiganja vidole kimoja kimoja kama mtu anayemfungia mtoto.

Bi Nyundo akabaki amekaa kizingitini, hela mkononi, mpaka jua likamfuata hapo alipo. Siku mbili zile alikuwa akiwadharau watu kwa zamu: Injinia na leso yake, shemeji na kofia yake, kibarua na vijiti vyake. Sasa zamu zilikuwa zimeisha, akabaki mmoja ambaye hajadharauliwa bado.

*

Ijumaa kampuni ilifunga hema jeupe, viti vya plastiki na kreti za soda. Vibarua walikuwa wamemwagilia vijiti tangu alfajiri, lakini majani yalikuwa yameshaning'inia kama nguo zilizosahaulika kambani. Mkaguzi wa mazingira alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani ya jua. Alishusha mguu mmoja kutoka garini, akaiona ardhi, akaurudisha, akabadilisha viatu.

"Hii miti mbona kama inaumwa?" akauliza.

"Inazoea mazingira," Injinia akasema. "Wiki ya kwanza ni kawaida."

Wakati huo huo mbuzi wa Mama wa Bondeni akapita mbele ya hema na mti mzima mdomoni, tangu ncha mpaka kwenye mkato wa panga. Watu kama arobaini wakaangua kicheko. Msimamizi akavua kofia yake ngumu, akamfukuzia mbuzi.

Mkaguzi hakucheka. Aliandika kitu kifupi. "Tutasema baadhi imeshindwa kushika," akasema. "Miti si tatizo kubwa. Kikubwa ni wakazi. Wakazi wameridhika?"

"Kabisa," Injinia akajibu, na akamwonyesha Bi Nyundo kiti cha mbele, chenye kitambaa, ambacho hakuna aliyekuwa amemfutia.

Bi Nyundo alikuja akiwa amebeba gunia. Mama wa Bondeni alikuwa amekaa kiti cha pili, fomu mapajani, akimtazama kama alivyoahidi. Baruti alisimama nyuma, mikono kifuani. Usiku uliopita alikuwa ameandikiwa maneno mawili kwenye kalenda, SITII SAINI, akayasoma, akaenda kulala bila kupiga kelele.

"Kalamu hii hapa, mama," Injinia akasema kwa sauti tamu.

Hakuipokea. Alifungua gunia, akatoa jembe lenye kutu, akaliweka juu ya mapaja ya Mama wa Bondeni, juu ya ile fomu.

"Ni la marehemu mumeo," akasema.

Mama wa Bondeni hakucheka. Kidole chake kikatafuta zile nukta. Moja. Mbili. Tatu.

"Umelitoa wapi?"

"Chini ya nyumba yangu. Futi tisa, nilipochimba choo. Nimelificha miaka saba."

"Miaka saba."

"Na udongo wako uko huko huko. Haujaenda na mvua. Kilima nilichojengea ndio huo udongo, wote. Naulalia, naulima, nakuuzia mboga zake. Juzi uliponiuliza, nilikudanganya."

Wenye soda walisahau kumeza. Kisha sauti ikatoka nyuma, kubwa kama mlipuko wa zamani.

"JEMBE LILE! NILISEMA SIKUIBA! NILIAPA! MMELIONA? MMELIONA WOTE?" Baruti akapita katikati ya viti, akalishika lile jembe kwa mikono miwili, akalirudisha, akalishika tena. Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyajali. "NA KIWANJA KANIUZIA HUYU! MDOGO WANGU WA TUMBO MOJA! KANIUZIA RUNDO LA UDONGO!"

Msimamizi alikuwa amerudi, ameshika mti aliomnyang'anya mbuzi. "Kaka, punguza sauti."

"ETI?"

"Shemeji amepigwa na jua," msimamizi akawaambia watu, akitabasamu upande mmoja. Hakuna aliyetabasamu naye. Simu zilikuwa zimeinuliwa, nyingi, zote zimemwelekea yeye na kijiti chake.

Mkaguzi aliziona zile simu. Ndipo alipovua miwani. "Ramani iko wapi?"

"Mheshimiwa, hili kwa kweli ni suala la familia—"

"Nimekuuliza ramani, Injinia."

Wakaikunjua juu ya kreti za soda. Kwa mara ya kwanza siku ile mkaguzi aliandika kwa muda mrefu. Aliuliza ukubwa wa lundo, akauliza tuta la upande wa chini, na Bi Nyundo, bila kuulizwa, akamwambia kuhusu maji yenye rangi ya chai. Mkaguzi akaenda kuyaona kwa miguu yake, na viatu vya pili vikaharibika pia.

Mama wa Bondeni alikuwa bado amekaa. Aliichukua fomu, akaifutia jembe tope lililokauka, pande zote mbili, kwa uangalifu. Akasimama, akashuka nalo mteremko. Alipita karibu kabisa na Bi Nyundo, nguo zao zikagusana, na hakumwangalia.

*

Amri ilitoka baada ya siku kumi: maji yapunguzwe kabla ya mvua, tuta liimarishwe, kingo zilazwe, kifusi kijazwe, udongo wa juu urudishwe. Dhamana ya kampuni ikazuiliwa mpaka hapo. Injinia akaleta pampu mbili, zikanguruma mchana kutwa. Msimamizi hakufukuzwa, watu wa namna yake hawafukuzwi, huhamishwa. Walimpeleka machimbo mengine, ambako nako kuna lundo limeanza kuota nyasi.

Kuhusu nyumba, kampuni iliandika kwamba haihusiki na mauzo ya mtu na ndugu yake, ila kwa utu wake itawasaidia turubai. Turubai lilipoletwa, Bi Nyundo alilitambua kwa matobo yake. Lilikuwa ni lile lile alilokuwa akikaa chini yake akiponda kokoto. Akamuuliza dereva kama analeta na nyundo.

Waliezua mabati wenyewe, wakang'oa milango, wakatoa vitanda. Kalenda ya bata ilibaki ukutani. Baruti alikaa juu ya godoro akilitazama katapila likipanda kilima, na kwa kuwa halimfikii masikioni, kwake lilikuwa likija kimya.

"Unasikitika?" mkewe akamuuliza, akitengeneza midomo vizuri.

"LIMEKOSEA KUSHIKA PEMBENI," akasema. "ANZA JUU, MWANANGU! ANZA JUU!" Dereva akaanza juu.

Tuta la mchicha lilikuwa la mwisho kwenye njia ya katapila, na Bi Nyundo hakuwa na moyo wa kulichuma. Alipogeuka, alimkuta Mama wa Bondeni ameinama katikati yake, kapu pembeni, na lile jembe limetiwa mpini mpya. Tangu Ijumaa ile hawakuwa wamesalimiana. Hakuomba ruhusa. Alichuma mstari mmoja, akachuma wa pili, akikusanya mafungu na kuyafunga kwa majani, haraka, kama mtu anayevuna shambani kwake. Alimaliza tuta zima. Kapu likajaa mpaka mshikio wake ukapotea.

Akasimama, akanyoosha mgongo. Kwa mara ya kwanza akamwangalia Bi Nyundo usoni, kwa muda, bila kile kicheko chake cha kila siku.

Akachukua fungu moja, akamnyooshea.

"Bei ni ile ile," akasema.

Bi Nyundo akafungua pindo la nguo yake. Lile gumba bapa halikusaidia. Akazitoa hela, akaziweka kwenye kiganja cha mwenye udongo.

Mama wa Bondeni akazihesabu, mbele yake, hadi ya mwisho.